Itifaki ya Kuingia Baa

Kwa furaha kubwa, na baada ya mashauriano marefu na nafsi yake yenyewe, Serikali iliutangazia umma wa Malaba kwamba kuanzia sasa kiu ya mwananchi imepata ofisi. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa stesheni ya reli, kwenye lango la forodha, na kwenye mlango wa choo cha soko, mahali ambapo utafiti ulionyesha kwamba wananchi hupata nafasi ya kusoma bila haraka. Ofisi yenyewe iliitwa Idara ya Unywaji Wenye Mpangilio, Tawi la Mpakani. Mkuu wake alikuwa Bwana Paulinus Okwara, mzaliwa wa Adungosi, mwenye meza, muhuri, na soksi za kaki zilizovutwa mpaka magotini.

Msicheke. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na Malaba ilikuwa inakua kwa namna ambayo hakuna mtu aliyeiombea kibali. Malori ya kwenda Kampala na kwingineko yalikuwa yakifika pale mpakani, halafu yanangoja. Karani wa forodha ameenda kula. Karani amerudi, lakini muhuri umeenda Busia. Muhuri umerudi, lakini wino umekauka. Dereva anashuka, anajinyoosha, anauliza maji ya kunywa, na mama mmoja anamwekea kigoda. Kesho yake kigoda kimekuwa benchi. Wiki ijayo benchi lina paa la mabati, lina kreti la bia, lina redio, na juu ya mlango mtu ameandika kwa rangi nyekundu TULIA HAPA BAR. Wataalamu wa historia watakuja kubishana siku moja kuhusu asili ya baa, na watapewa posho kwa kubishana. Sisi wa Malaba tunajua. Baa ilizaliwa na muhuri uliochelewa, na kwa hiyo baba yake ni Serikali.

Na kama watoto wote wa mjini, ilijifunza maringo haraka. Mtu aliyetoka Kocholia na baiskeli, jana tu alikuwa anachunga ng'ombe wa babake, leo ameketi dirishani na chupa mbele yake, lebo imegeuzwa kuelekea barabarani ili wapita njia waone anakunywa nini. Mhudumu akija kuondoa chupa tupu anafokewa: "Wewe wacha hiyo! Nani alikutuma?" Chupa tupu ndizo zilikuwa cheo chake. Kuna mwalimu mmoja alikuwa anaingia baa na chupa tupu kutoka nyumbani, anazipanga mezani, halafu anaagiza soda.

Haya yote Bwana Okwara aliyaona kuwa ni maendeleo, na alikuwa na haki. Kilichomkosesha usingizi ni zile nyumba za ajon, pombe yetu ya wimbi. Mnajua inavyonywewa. Chungu kimoja kinawekwa katikati, kinaongezwa maji ya moto, na watu wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wazee kwa vijana, wanavuta taratibu na kuzungumza. Bwana Okwara aliandikia wakubwa wake ripoti ambayo bado inasifiwa na watu wasioisoma. "Watu wakikaa duara," aliandika, "hutazamana. Wakitazamana, huongea. Wakiongea zaidi ya saa moja, huanza kutaja Serikali. Mnywaji wa kisasa hukaa kwa mstari, huelekea kaunta, na hutazama kisogo cha mwenzake, ambacho hakina siasa."

Wakubwa walifurahi sana. Duara likapigwa marufuku.

Sasa, nyumba kubwa kuliko zote za ajon pale Malaba ilikuwa ya Mama Benedetta Anyait, mjane, nyuma ya stesheni. Ajon yake ilikuwa inasifiwa mpaka ng'ambo. Kwa ile nyumba alimlea binti yake Aluka, na kwa ile nyumba alikuwa sasa analea mayatima wa mwanawe, wanakula, wanavaa, wanasoma. Na Aluka alikuwa ameolewa na nani? Na Bwana Paulinus Okwara. Yaani mwenye chungu alikuwa mama mkwe wa mwenye muhuri.

Kwa Wateso hilo si jambo la kuchezea. Mwanamume hamwangalii mama mkwe wake usoni. Haketi naye chumba kimoja, hali naye, hanywi naye chungu kimoja, hapokei kitu mkononi mwake. Ni heshima, na mama naye anaishika vilevile. Ndiyo maana nyumba ya Benedetta ilikuwa na milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Mkwe akiingia huku, mama anatokea kule, na pombe haimwagiki. Bwana Okwara mwenyewe hakuwahi kuuona uso wa Benedetta tangu arusi. Alimjua kwa kikohozi na kwa leso yake ya manjano. Siku moja ya soko aliiona ile leso ikimjia kwa mbele, na afisa mzima wa Serikali, na faili kwapani, akajitupa kwenye mahindi ya watu. Mwenye mahindi alikuja na jembe. Bwana Okwara akamwambia anakagua.

Kwa hiyo ungetarajia kwamba siku ya kufunga nyumba za ajon, ile ya nyuma ya stesheni angalau angeiruka. Wapi. Aliifunga ya kwanza, tena kwa barua, maana asingeweza kwenda mwenyewe. Kwenye baraza alisimama juu ya kreti na kutangaza: "Sheria haina mkwe!" Watu wakapiga makofi machache, ya adabu.

Jioni hiyo Aluka alimwekea chakula na kubaki amesimama.

"Baba Oriokot," akasema, "umefunga nyumba ya mama."

"Sikufunga nyumba. Nimerekebisha matumizi ya jengo."

"Na wale watoto watakula nini? Hayo matumizi?"

"Aluka, mambo ya sera ni mapana. Kuna picha kubwa."

"Mimi sioni picha. Naona watoto wa marehemu kaka yangu." Akachukua sahani kabla hajamaliza. "Na nyama imeisha. Nayo imerekebishwa."

Lakini ile picha kubwa ilikuwepo, na niseme wazi ilikuwa na nini ndani. Ilikuwa na bafu. Mkurugenzi wa Idara, aliyekaa Kakamega, alikuwa amemwahidi Bwana Okwara cheo cha Naibu, na Naibu alipewa nyumba ya Serikali yenye bafu la kulala ndani, lile refu jeupe, lenye bomba la maji moto. Bwana Okwara aliliona mara moja tu, alipoenda kwenye semina. Alipoomba kwenda haja alikosea mlango, akalikuta. Alilishika. Tangu siku hiyo hakuoga tena kwa raha kwenye karai. Sharti la Mkurugenzi lilikuwa jepesi: Malaba ijengwe Baa ya Mfano, na siku ya kuifungua Bwana Okwara aonekane, mbele ya umma na mpiga picha, akinywa chupa ya kwanza kwenye kaunta. Akifanya hivyo, amehamia Kakamega. Asipofanya, abaki na karai lake.

Basi Baa ya Mfano ikajengwa. Viti vilipangwa kwa mistari, vyote vikielekea kaunta, kama kanisa lisilo na padri. Madirisha yaliwekwa juu, mwananchi asije akavutiwa na nje. Fundi Ochom, mtu mpole, alikuja na swali moja.

"Boss, mlango wa nyuma niweke wapi?"

"Mlango wa nyuma wa nini?"

"Sijui. Nyumba ya pombe huwa na milango miwili. Mtu anaweza kutana na mkwe."

"Ochom, hii ni baa ya kisasa. Ndani ya baa ya kisasa hakuna wakwe, kuna wateja. Mlango mmoja."

Ochom akaweka mlango mmoja. Kazi yake ilikuwa kupiga misumari, akaipiga.

Ikabaki kupata mhudumu wa kaunta, na hilo Mkurugenzi alilichukua mwenyewe, kwa sababu alikuwa na wazo. Alitaka mmoja wa wale wapikaji ajon waliofungiwa apewe kazi hiyo, ili picha itoke vizuri: ukale unaumiminia usasa kinywaji. Akaagiza Kakamega itume barua kwa mpikaji mashuhuri kuliko wote, afike siku ya ufunguzi asubuhi, akiwa na vifaa vyake vya kazi. Nakala ikaja kwa Bwana Okwara. Aliisoma amekaa, akasimama, akaisoma amesimama. Jina lilikuwa la Benedetta Anyait.

Nataka mwelewe alivyobanwa. Mlango ni mmoja. Kaunta ni moja. Nyuma ya kaunta mama mkwe. Mbele ya kaunta Mkurugenzi, umma, na mpiga picha. Akiingia na kumtazama, akapokea chupa mkononi mwake, ukoo mzima toka Adungosi mpaka Kocholia utamcheka mpaka wajukuu wake wazeeke, na wazee watakuja kudai ng'ombe wa kuosha aibu. Asipoingia, bafu limeota mabawa. Alitoka jasho mpaka soksi zikashuka.

Akamtuma Aluka.

"Mwambie mama augue. Siku hiyo tu. Augue kidogo."

Aluka akaenda, akarudi. "Mama anasema ni mzima."

"Basi mwambie ajifunike na shuka. Asimame amejifunika."

Akaenda, akarudi. "Mama anauliza, kazi ya serikali inafanywa na shuka kichwani?"

"Mwambie basi, mimi nikiingia yeye atoke."

Aluka safari hii alichelewa, na aliporudi alikuwa anajitahidi kutocheka. "Mama anasema kwenye barua imeandikwa mhudumu akitoka kaunta kabla ya saa ya kufunga amejifuta kazi. Anasema hiyo ni kanuni yako, wewe ndiye uliiandika. Anasema yeye hajakufuata kwako. Ni wewe unamfuata kwake. Na amesema nikusalimie."

Bwana Okwara aliketi chini ya ukuta wa jikoni akafikiri. Watu wanaodharau akili za maafisa wangemwona siku hiyo wangenyamaza. Mchana uliofuata majirani walimwona akitembea uani kinyumenyume, kutoka choo mpaka ghala, kutoka ghala mpaka choo, kidevu juu, mikono nyuma. Alimkanyaga kuku. Akaangukia jiko. Akaamka, akaendelea. Jirani mmoja alimuuliza Aluka kama amempigia daktari simu. Aluka akasema hapana, mzee anajiandaa kwa kupandishwa cheo.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi, asubuhi, jua kali. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani mpaka huko yasikoonekana, na katikati ya foleni hiyo, limebanwa mbele na nyuma, lilikuwemo lori lililoleta bia ya Baa ya Mfano. Dereva wake alipiga honi mpaka akachoka. Chupa moja tu ilifika, ile ya sherehe, imebebwa kwa baiskeli, imefungwa kwa utepe. Bwana Okwara hakushtuka. Sherehe ilihitaji chupa moja.

Wateja wa mfano aliwachagua mwenyewe kati ya madereva na mataniboi, wasaidizi wao, waliokuwa wanangoja muhuri. Aliwaketisha kwa mistari na kuwaonya wasizungumze kwa ubavu. Kiongozi wao alikuwa Japheth, dereva wa lori la saruji, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyekuwa anangoja hapo mpakani tangu wiki iliyotangulia.

"Mkubwa," Japheth akauliza, "tutapewa nini ya kunywa?"

"Mtaenda kaunta mmoja mmoja, kwa utulivu, mtahudumiwa."

"Sawa mkubwa. Kiu iko."

Benedetta alikuwa ameshafika tangu alfajiri na vifaa vyake vya kazi, kama barua ilivyomwagiza. Vilikuwa vimefunikwa kwa gunia nyuma ya kaunta. Hakuna aliyemuuliza ni nini. Barua ilikuwa na muhuri.

Mkurugenzi alifika na gari jeusi lililopitia kando ya foleni, likiwarushia vumbi wote waliokuwa wanangoja kwa haki. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ngumu nyeupe ya sherehe, na alitembea na mpiga picha wake, Kizito, ambaye maagizo yake yalikuwa mafupi: asibonyeze mpaka Mkurugenzi atabasamu. Hotuba za nje zikaisha. Utepe wa mlangoni ukakatwa. Mkurugenzi akanyoosha mkono: "Bwana Okwara, tuongoze."

Bwana Okwara akageuka, akaupa mlango mgongo, na akaingia ndani kinyumenyume.

Mkurugenzi akasimama.

"Okwara, hii ni nini?"

"Ni itifaki, bwana Mkurugenzi," akajibu huku akiendelea kurudi nyuma. "Itifaki mpya ya kuingia baa. Afisa wa Serikali hawezi kuwapa wananchi mgongo ndani ya mahali pa starehe. Macho yake kwa wananchi muda wote."

Mtu mwingine angemwambia acha upuuzi. Lakini Mkurugenzi hakupanda mpaka alipo kwa kuuliza maswali. Alifikiri kidogo, akaona kwamba wazo ni zuri, akaona kwamba halijawahi kufika Nairobi, na akaona kwamba linaweza kufika huko likiwa lake. Akageuka. Akaingia kinyumenyume. Nyuma yake chifu akageuka, mkuu wa polisi akageuka, mwakilishi wa wenye maduka akageuka, na wote wakaingia Baa ya Mfano kwa visigino, wakigongana kama ng'ombe mlangoni mwa josho, mpaka migongo yao ikagusa kaunta. Wakasimama kwa mstari, wakiwatazama madereva. Nyuma yao Benedetta alikohoa kidogo. Nywele za Bwana Okwara zikasimama, lakini macho yake hayakuyumba.

Japheth akainuka kwa utulivu, akaichukua ile chupa pale Benedetta alipoiweka juu ya kaunta, akaizungusha mpaka kwa Bwana Okwara. Mkono wa mama haukuhusika. Bwana Okwara akanywa. Ilikuwa bia moto na ilikuwa tamu ajabu. Machozi yalimlengalenga, na niseme ukweli, alikuwa na furaha, maskini. Alikuwa tayari Kakamega, maji yamefika kifuani, ameegemeza kichwa.

Mkurugenzi naye akaanza hotuba. "Kuanzia leo," akasema, "itifaki hii niliyoibuni itafuatwa mkoa mzima. Afisa yeyote atakayegeuka na kuwapa wananchi mgongo ndani ya baa, awe nani, atafutwa kazi hapohapo." Maafisa wote wakakaza shingo. Kisha akaingia kwenye historia ya unywaji, na mambo ya usafi, na hatari za duara, na mrija kama chanzo cha uzembe.

Wakati huohuo Japheth, aliyekuwa bado karibu na kaunta, alimuuliza Benedetta kwa sauti ndogo kama kuna bia nyingine.

"Hakuna," Benedetta akasema. "Iko kwa foleni."

"Sasa mama, kuna nini?"

Benedetta akafunua gunia. Kulikuwa na chungu, kimejaa, na birika la maji moto, na fungu la mirija. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyake vya kazi, na barua ilimwambia aje navyo. Akakiinua chungu na kukiweka juu ya kaunta, pahali pekee palipokuwa wazi, na pahali hapo palikuwa nyuma kabisa ya kichwa cha Mkurugenzi. Yeye mwenyewe akaketi pembeni ukutani, leso usoni, maana mkwe wake alikuwa chumbani, hata kama ni kwa mgongo.

Wateja wa mfano walikuwa wameambiwa waende kaunta mmoja mmoja kwa utulivu. Wakaenda hivyo. Mmoja akainuka, akapita kando ya Mkurugenzi kwa adabu mpaka nyuma ya kaunta, hakurudi. Mwingine akafuata. Taniboi akafuata. Mkurugenzi aliona viti vinapungua mbele yake na akapandisha sauti: "Tazameni jinsi mwananchi anavyoikimbilia kaunta!" Viti vikapungua zaidi. Nyuma yake kulianza mvumo mdogo wa kufyonza, ule wa watu wengi wanaovuta kwa raha, na vicheko vya chini kwa chini. Bwana Okwara aliujua mvumo ule. Alilelewa nao. Jasho likaanza kumtoka upya, lakini angegeuka vipi? Akigeuka anamwona mama mkwe, na akigeuka amefutwa kazi. Mkuu wa polisi aliunusa wimbi uliokolea na pua ikamcheza, ila naye alikuwa na kazi na watoto. Mpaka Mkurugenzi anafika kwenye aya ya mwisho, alikuwa anavihutubia viti vitupu, mistari kwa mistari, vyote vikimtazama.

"Na sasa," akamalizia, "tunaweza kusema kwamba duara limekufa." Akatabasamu.

Kizito, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameona kila kitu. Lakini maagizo yalikuwa maagizo. Akabonyeza.

Gazeti la wiki hiyo lilifika Malaba na basi la asubuhi na likaisha kabla ya chai. Maandishi chini ya picha yalisema: Mkurugenzi awaongoza wananchi kuuaga unywaji wa kizamani. Picha ilimwonyesha Mkurugenzi katikati, ametabasamu, kofia nyeupe kichwani. Chungu chenyewe hakikuonekana, kilifichwa na kichwa. Kilichoonekana ni mirija. Ilitoka kwenye kofia ya Mkurugenzi pande zote, mirefu, imeinama vizuri, na kwenye ncha ya kila mmoja alikuwepo dereva, mashavu yameingia ndani, macho yamefumbwa kwa utamu, wamemzunguka wanamnywa. Mbele yao maafisa wa Serikali wamekaza shingo kuulinda unywaji huo.

Kicheko kilianzia Malaba, kikavuka mto, kikasikika ng'ambo. Busia watu walibandika picha hiyo ukutani katika kila baa. Mkurugenzi alipigiwa simu kutoka juu na kuulizwa swali moja tu: alijua au hakujua? Nalo ndilo swali baya kuliko yote kwa mtu wa cheo. Akisema hakujua, basi ametoa hotuba nzima akiwa sufuria. Akasema alijua. Akasema yalikuwa majaribio rasmi. Na kwa kuwa majaribio rasmi hayawezi kushindwa, ikabidi atoe waraka wa kuruhusu chungu kinywewe katika Baa ya Mfano, kwa duara, chini ya usimamizi wa mhudumu mwenye ujuzi, Bi. Benedetta Anyait, ambaye alipewa leseni na jengo lenyewe, mabati mapya na yote. Mayatima wakarudi shuleni. Aluka akaanza kupika nyama tena.

Mkurugenzi mwenyewe hakudumu. Alijaribu kufanya baraza Marachi. Alipofungua tu mdomo, wazee wa mstari wa mbele walikunja midomo yao kama watu walioshika mrija, wakamtazama kofia. Akajaribu Kocholia, ikawa hivyohivyo, tena wakiwemo watawa. Mwishowe alihamishiwa ofisi inayopima mvua, huko ambako hakuna wananchi.

Na Bwana Okwara? Msidhani alifutwa kazi. Hakugeuka, alifuata itifaki neno kwa neno, na tena ndiye aliyeitambulisha. Mtu kama huyo Serikali haimpotezi. Aliteuliwa Msimamizi wa Kudumu wa Baa ya Mfano, Malaba, wadhifa usio na uhamisho. Kila siku asubuhi anavuta soksi, anakuja, na kwa kuwa mhudumu yuko ndani na mlango ni mmoja, anasimama mlangoni, mgongo ndani, uso barabarani, mpaka saa ya kufunga. Nyuma yake baa inajaa. Watu wanaketi duara, wanatazamana, wanaongea, na kusema kweli mara nyingi wanaitaja Serikali.

Mchana mmoja alikuja dereva mgeni kutoka Mombasa, amechoka, vumbi tupu.

"Mzee, habari. Ndani kuna nafasi?"

"Sijui," akasema Bwana Okwara.

"Si wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Ndiye mimi."

"Sasa pakoje huko ndani? Pazuri?"

Bwana Okwara akatazama malori. "Nasikia ni pazuri," akasema.

Ndipo Aluka akatokea ndani, mikono mibichi ya kuosha mirija, akamwinamia mumewe sikioni, ingawa kila mtu alisikia.

"Baba Oriokot, mama anasema usogee kidogo. Unaziba mlango."

Bwana Okwara akasogea.